Ukoo wa Bata

Dada yangu alipopiga simu kutoka huko ng'ambo anakofanya kazi ya uuguzi, na kusema amemkatia Mama tiketi ya meli ya kitalii, jambo la kwanza nililomwuliza ni nani aliyemuuzia. La pili, kama amewahi kumwona mtu huyo uso kwa uso. Hapa Eldoret tumewaona vijana wakiagwa kwa maombi na keki, wakasindikizwa hadi uwanja wa ndege, na wakarudi jioni hiyo hiyo na masanduku yao, wakala aliyekula pesa amezima simu. Kwa hiyo mtu akikuambia ana safari, humwulizi anaenda wapi. Unamwuliza wakala wake ni nani.

"Si wakala," dada akasema. "Ni kampuni ya meli. Meli yenyewe iko kwa mtandao, ina madirisha na kila kitu."

"Hata picha ina madirisha," nikamwambia.

Tiketi zilikuwa mbili, ya Mama na ya mtu wa kumsindikiza. Meli ingetia nanga Mombasa, ichukue abiria, izunguke visiwani na kuwarudisha. Na kulikuwa na jioni tatu rasmi, yaani jioni ambazo watu huvaa suti na magauni marefu, hupigiwa muziki na bendi, na kucheza dansi la ukumbini. Dada alitaja hizo jioni kwa haraka, kama mtu anayesoma masharti ya mkopo, lakini Mama alikuwa amesikia.

Niseme Mama ni nani. Alifundisha shule za msingi maisha yake yote ya kazi, akastaafu akiwa naibu mwalimu mkuu, na tangu Baba afariki analima mahindi upande wa Moi's Bridge, ambako hugombana na wanunuzi wa nafaka kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa darasa la nne. Ni mama wa kanisa. Sikuwahi kumwona akicheza chochote, hata kwenye harusi zetu wenyewe, ambako alipiga makofi akiwa ameketi. Kumbe alipokuwa chuo cha ualimu, kila Jumamosi jioni mkuu wa chuo alikuwa akiwapanga ukumbini na kuwafundisha walsi. Mwanamume anainama, anatoa mkono, kisha wanazunguka kwa hatua tatu tatu, migongo imenyooka, bila mtu kumkanyaga mwenzake. Mama aliicheza mpaka alipomaliza chuo na kuolewa na Baba. Babu yetu, baba yake Baba, alikuwa mzee wa kanisa aliyeamini kwamba dansi ni mlango, na hakuhitaji kujua wa kwenda wapi. Mambo yakaishia hapo.

Sasa goti la kulia la Mama lilikuwa linangoja upasuaji. Daktari alikuwa amemwambia goti jipya litatembea vizuri, litapanda hata ngazi za kanisa, lakini asilitarajie zaidi ya hapo.

"Nataka kucheza walsi kabla hawajalitoa," Mama alisema. "Hilo tu. Hayo mengine ya meli mtaniambia nyinyi mkiona picha."

Alisema hivyo nyumbani kwangu Yamumbi, Jumapili baada ya ibada, kwenye kikao cha familia. Kwetu hakuna jambo linalofanyika bila kikao. Walikuwepo kaka yangu mkubwa, shangazi, na baba mdogo, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho na mara nyingi pia la kwanza. Mama alikuwa amepanga kwenda na rafiki yake wa kwaya. Kikao hakikuwa na habari na rafiki wa kwaya.

"Hiyo walsi," baba mdogo akauliza, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani, "inachezwa na mtu mmoja?"

"Wawili," Mama akasema.

"Na wa pili ni nani?"

"Sijui. Atakayekuwepo."

Baba mdogo akamtazama kaka. Kaka akanitazama mimi. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Mwanamke akinunua viatu vya kuchezea," akasema, "usimwulize bei. Mwulize mwenzake."

"Nina miaka sabini na miwili," Mama akamwambia.

"Ndiyo maana tunauliza mapema."

Ikaamuliwa nimsindikize mimi. Sababu iliyotolewa ni kwamba mimi ndiye msomi. Maana yake ni kwamba kazi yangu haihitaji niwepo. Nafundisha chuo kikuu kule Kesses, na huandika makala ambazo watu huniambia wameziona. Bado sijakutana na aliyezisoma. Kazi yangu melini ingekuwa kutazama, na kila jioni kutuma ripoti kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Mama alisikiliza haya yote kama anayesikia watu wakipanga siku ya kuogesha ng'ombe.

"Sawa," akasema mwishowe. "Lakini avae vizuri."

Suti nilikuwa nayo, ya mazishi na mahafali. Tai ya kipepeo niliipata mjini, kwenye duka linalokodisha mavazi ya harusi. Mwenye duka aliniuliza kama mimi ndiye bwana harusi. Nikamwambia hapana, ni shughuli ya mama yangu. Akanitazama kidogo, akasema hongera.

Meli ilikuwa kubwa kuliko hospitali yoyote niliyowahi kumlaza mtu. Niliitilia shaka tangu mlangoni. Nilitilia shaka lifti zake zilizopambwa vioo, na kijana aliyekunja taulo letu likawa tembo, nikijiuliza alitaka nini. Zaidi ya yote nilikitilia shaka chakula. Kilikuwepo asubuhi, mchana na jioni, na hakuna aliyekuzuia kurudia. Sisi chakula cha bure tunakijua. Mwisho wake huwa kuna karatasi ya kutia sahihi, au mtu anasimama na kukuambia anagombea kiti gani. Nilikula nikingoja huyo mgombea. Mama alikula tunda na supu, akapumzisha goti, akangoja jioni.

Ukumbi wa dansi ulikuwa na sakafu ya mbao iliyong'arishwa mpaka ukaona taa ndani yake. Mama alivaa gauni la buluu iliyokoza, alilokuwa ameshonewa Eldoret, refu, lenye mikono ambayo hata babu asingeilalamikia. Bendi ikaanza. Kabla sijaamua tukae wapi, akatokea mzee mmoja wa Kizungu, koti jeupe, nywele nyeupe, mgongo umenyooka kama ameuazima. Akamwinamia Mama, akatoa mkono. Mimi hakunitazama hata kidogo, na hilo nikaliweka moyoni.

Mama alisimama kabla mzee hajamaliza kuuliza.

Sitajifanya naijua walsi. Nilichokiona ni kwamba Mama, ambaye huteremka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja kila mara kama mtoto, alikuwa akienda kinyumenyume bila kutazama nyuma. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Nilichukua picha, kwa kuwa ndiyo kazi niliyotumwa, nikaituma nyumbani.

Majibu yalifika kabla wimbo haujaisha.

"Huyo ni nani?" kaka akaandika.

"Bado sijajua."

"Hujui na umeshampa Mama?"

"Vuteni picha muone mkono wake uko wapi," akaandika shangazi.

"Uko mgongoni," nikajibu.

"Mgongo ni mrefu," akaandika baba mdogo. Kisha, baada ya kutafakari: "Muulize ni wa nani."

Sasa hapo lazima nieleze. Kwetu, mwanamume akimkaribia binti wa watu, haulizwi kwanza ana nini. Anaulizwa ni wa nani. Ukoo wake ni upi, na mnyama wa ukoo huo ni yupi, maana kila ukoo una mnyama wake, na wapo wasioweza kuingia boma moja. Utaratibu huo ni wa kuposa wasichana. Wa mjane mwenye wajukuu na trekta haupo, au kama upo hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo nikatumia huo wa wasichana.

Asubuhi nilimkuta yule mzee juu, kwenye sitaha, akinywa kahawa peke yake. Nikaomba kuketi. Tulizungumza Kiingereza, chake kikiwa na lafudhi ya kwao na changu ya kwetu. Nikamwuliza kwao ni wapi. Akasema Ureno. Kazi gani? Alikuwa daktari wa meno, amestaafu. Wazazi? Wamekufa. Mke? Amekufa pia. Watoto? Mmoja, yuko mbali, hupiga simu Krismasi. Alijibu yote kwa upole, kama mtu aliyezoea kukaa na wageni wenye upweke, na nadhani alinihesabu miongoni mwao.

"Na ukoo wenu," nikamwuliza, "ni wa mnyama gani?"

Akaweka kikombe chini. Akafikiri kwa dhati, nitampa haki yake hapo.

"Bibi yangu alifuga bata," akasema.

"Wengi?" Sikujua kingine cha kuuliza.

"Wengi sana. Walikuwa wakali."

Nikamshukuru, naye akanishukuru. Hakuniuliza mimi swali hata moja kuhusu kwetu. Nikajiambia mtu mwenye nia njema angeuliza.

"Ni wa ukoo wa bata," nikaripoti.

"Hakuna ukoo wa bata," akaandika baba mdogo.

"Labda Ulaya," akaandika kaka.

"Bata hana kwao," akaandika shangazi. "Leo bwawa hili, kesho lile. Kuwa macho."

Nikawa macho. Jioni rasmi ya pili yule mzee akaja tena, akamwinamia Mama, wakacheza. Wimbo ulipokwisha akamrudisha kitini, akainama, akaenda meza ya pili kwa mama mmoja aliyevaa kijani. Baada ya huyo, akamchukua mwingine aliyeacha fimbo yake kitini. Kisha mwingine. Wote aliwainamia kwa kipimo kile kile, na wote walirudi wakiwa na uso ule ule aliorudi nao Mama. Nilihisi tumetukanwa kama ukoo.

"Umeona?" nikamwambia Mama.

"Nimeona nini?"

"Anacheza na kila mtu."

"Ndiyo kazi ya dansi," akasema, akijipepea na kadi ya vinywaji. "Kwani ulitaka anioe?"

Hilo ndilo hasa lililokuwa kwenye ajenda.

Kwetu ukitaka kujua tabia ya mtu, unamwendea mkubwa wake. Nikamwacha Mama na supu yake, nikashuka mapokezi. Msichana aliyekuwa zamu alinisikiliza huku akitabasamu bila kuchoka, akaniambia yule bwana ni mwajiriwa. Ameajiriwa kucheza na wanawake waliosafiri bila wenzi. Haruhusiwi kupendelea mmoja, haruhusiwi kunywa nao, haruhusiwi kufika vyumbani mwao. Mtu mwenye akili timamu angeshukuru na kwenda kulala. Mimi nikawaza kwamba mtu hawekewi masharti mengi hivyo bila sababu.

"Una malalamiko, bwana?"

"Si malalamiko. Ni maswali."

"Ungependa asimwendee tena mama yako?"

Nimekaa kwenye kamati nyingi mno: za idara, za kanisa, za harusi, za mazishi. Mdomo wangu una jibu lake, na hauniulizi mimi kwanza.

"Asubiri kidogo," nikasema. "Kwanza tushauriane."

Mtu yeyote wa kwetu Uasin Gishu angenielewa. Maneno hayo hayamzuii mtu. Jambo likiambiwa lisubiri, linaendelea kama kawaida mpaka kikao, na kikao huahirishwa. Msichana hakuwa wa Uasin Gishu. Aliandika kitu kifupi kwenye kompyuta yake, akanitakia jioni njema.

Jioni ya mwisho Mama alijitayarisha mapema. Alifunga goti kitambaa cha kubana chini ya gauni, akameza dawa yake kabla ya wakati, na tukawahi kuingia ukumbini. Alichagua kiti cha pembeni mwa sakafu ili mtu asipate shida kumfikia. Bendi ikapiga. Mzee wa Ureno akaingia kwa koti lake jeupe, akapita mbele ya meza yetu, akainamisha kichwa kwa heshima kama unavyompa mtu heshima kanisani, na akaenda kwa yule mama wa kijani.

Mama akangoja. Wimbo wa pili ukampata mama wa fimbo. Wa tatu ukampata mwingine ambaye hata hatukuwahi kumwona. Kila mara Mama alivuta miguu ndani tayari kusimama, kisha akairudisha polepole, kama alitaka tu kuinyoosha.

"Nilimkanyaga?" akaniuliza.

"Nani?"

"Yule. Juzi. Labda nilimkanyaga na sikujua."

"Labda amechoka," nikasema.

Mama hakutazama sakafu tena. Alinigeukia, akanitazama kama alivyokuwa akitazama darasa lililonyamaza ghafla.

"Umefanya nini?"

"Niliuliza tu."

"Uliuliza wapi?"

"Ofisini."

"Ukaambiwa?"

"Nilisema asubiri kidogo."

"Asubiri nini?"

"Kikao," nikasema.

"Kikao cha nani?"

"Cha familia, Mama. Kushauriana tu."

Bendi ikageuza karatasi zake.

"Na mimi," akasema, "ni nani kwa hiyo familia?"

Hakungoja jibu. Alivua mkoba begani, akauweka mapajani pangu, akasema, "Shika." Kisha akasimama kwa goti lile lile alilokuwa amelihifadhi siku nzima kwa ajili ya walsi, akaanza kuteremka ngazi za kwenda mapokezi, mguu mmoja kwanza, akishika reli. Lifti ilikuwepo. Nilimwambia iko. Nilikuwa nyuma yake, tai ya kipepeo shingoni, mkoba wa mama mkononi, na kila tuliyepishana naye alituachia njia.

Msichana wa mapokezi alikuwa yule yule.

"Huyu ni mtoto wangu wa pili," Mama akamwambia, kwa Kiingereza cha mwalimu, kila neno likisimama peke yake. "Ana miaka hamsini na mmoja. Hana ruhusa ya kunisemea."

"Samahani sana, mama. Nitaliandika hilo."

"Usiandike. Ukiandika litasomwa kesho. Kesho tunashuka. Piga simu."

Msichana akanitazama mimi. Nadhani alitaka kujua kama nina malalamiko. Nikatazama zulia. Akainua simu, akazungumza kwa sauti ya chini, akasubiri, akazungumza tena. Nilimsikia akisema neno "mwana" na neno "hapana." Mama alisimama akiwa ameegemea kaunta kwa vidole viwili, jinsi anavyosimama akiwa na maumivu na hataki yaonekane.

"Wamebakiza wimbo mmoja," msichana akasema. "Wanauahirisha kidogo mpaka mfike."

Safari hii alikubali lifti. Ndani yake kulikuwa na vioo pande zote, kwa hiyo popote nilipotazama palikuwa na Mama ambaye hakuwa akinitazama. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Baba mdogo alikuwa ameandika: "Ripoti? Bata yuko?"

"Kikao kimeahirishwa," nikamjibu, nikaizima.

Mzee wa Ureno alikuwa amesimama katikati ya sakafu tupu, mikono nyuma. Hakuja mezani. Nafikiri hakuwa na hakika bado, na simlaumu, maana kazi yake ilikuwa imeshikwa na watu wanaouliza wanyama. Mama akalielewa hilo upesi kuliko mimi. Akavuka sakafu mwenyewe, gauni la buluu likiburuzika kidogo upande wa goti baya, watu wote wamekaa, mpaka akafika mbele yake. Na ni yeye aliyetoa mkono.

Wakacheza. Ningependa kuandika kwamba aliruka kama msichana wa chuo, lakini ngazi zilikuwa zimelitumia goti. Alikwenda hatua fupi, na mara moja akaegemea kidogo, na yule mzee akafupisha hatua zake pia. Hakuna aliyesimama kuwapisha wala kupiga makofi. Wengine walijiunga, na baada ya muda ilibidi nimtafute kati ya watu. Nilimwona kwa mgongo, kwa bega, kisha kwa uso. Midomo haikuwa ikihesabu tena. Alikuwa akimwambia yule mzee kitu, na yule mzee alikuwa akisikiliza, na hapo, nakiri, nilijikuta naangalia mkono uko wapi.

Wimbo ulipokwisha alirudishwa hadi kitini. Mzee akainama, kwake na kisha kwangu, akaondoka. Mama alikuwa akihema, na jasho lilikuwa limemtoka chini ya pua.

"Alikuwa akisema nini?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Mlikuwa mnazungumza."

"Ndiyo," akasema. "Tulikuwa tunazungumza."

Akanyoosha mkono. Nikampa mkoba. Hakuketi kwanza. Aliufungua palepale, akiwa amesimama chini ya taa, akaanza kutazama ndani: miwani, dawa za goti, leso, Agano Jipya dogo, kadi ya kufungulia chumba. Aligusa kimoja kimoja.

"Kila kitu kipo, Mama," nikasema.

"Naona," akasema, na akaendelea kukagua mwenyewe.